Manjano Ni Kiungo, Si Rangi ya Kopo

Kiswahili kimezipa rangi kadhaa majina ya vitu. Kijani kimetoka kwenye jani, kijivu kimetoka kwenye jivu, na manjano imetoka kwenye kile kiungo tunachotia katika mchuzi wa samaki na katika biriani. Kiungo ndicho kilichoipa rangi jina lake. Wiki hii nataka tuzungumze habari za kiungo hicho, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba manjano yanasifiwa mno. Fungua simu yako ya mkononi, utaambiwa yanatibu saratani, kisukari, magoti, ini na hata huzuni. Katika maduka ya dawa ya mijini vidonge vyake vinauzwa kwa bei ambayo ingemtosha mama kununua kiungo chenyewe cha mwaka mzima. Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi. Katika baadhi ya nchi zile zile za Asia ambako mapishi ya manjano yalianzia, imegunduliwa kwamba wafanyabiashara wamekuwa wakiyatia sumu, si kwa chuki, bali kwa kutaka yang'ae.

Hivyo maswali yetu leo ni mawili. Je, manjano yanatibu? Na je, manjano tunayokula ni manjano?

Tuanze na mmea wenyewe. Manjano ni ndugu wa tangawizi, na sehemu inayoliwa ni ile inayokaa chini ya udongo. Asili yake ni Asia ya kusini na kusini-mashariki. India ndiyo inayolima kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na ndiyo inayokula kwa wingi zaidi. Mji wa Erode, katika jimbo la Tamil Nadu, hujulikana nchini humo kama mji wa manjano kwa sababu ya soko lake kubwa. Wahindi wengi huyaita haldi. Huyatia katika dengu na mboga, huyachemsha na maziwa ili kumpa mwenye mafua, na kabla ya harusi bibi na bwana arusi hupakwa mwilini. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuliyapata kwa njia ya bahari, katika biashara ya majahazi. Leo yanalimwa Unguja na Pemba, na bibi arusi wa pwani naye husingwa kwa manjano na liwa.

Matayarisho yake si ya siku moja. Mkulima huyang'oa baada ya miezi saba hadi tisa au kumi, huyaosha, huyachemsha hadi yalainike, kisha huyaanika juani kwa wiki mbili hivi mpaka yawe magumu kama kijiti. Wakati huo huwa na ganda la kahawia linaloparuza, yasiyopendeza kuyatazama. Basi hutiwa katika pipa linalozungushwa, yakasuguana yenyewe kwa yenyewe hadi ganda litoke. Baada ya hapo ndipo husagwa. Nawaomba mkumbuke hatua hiyo ya pipa, maana tutairudia.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza, la tiba. Kwamba watu wa Asia wameyatumia manjano kama dawa kwa karne nyingi, hilo halina ubishi. Limewahi hata kuthibitishwa mbele ya sheria. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hati ya hakimiliki kwa kituo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Mississippi, kana kwamba kutumia manjano kuponya vidonda ni uvumbuzi mpya. Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India, likiongozwa na Dakta Raghunath Mashelkar, lilipinga. Lilipeleka maandishi ya kale ya Kisanskriti, pamoja na makala iliyochapwa mwaka 1953 katika jarida la chama cha madaktari wa India. Mwaka 1997 hati hiyo ikafutwa. Wahindi walishinda kwa sababu walikuwa wameandika yale waliyoyajua. Wenye waganga wao na wasio na vitabu wana la kujifunza hapo.

Hata hivyo, kutumia kitu tangu enzi za mababu ni jambo moja, na kujua kinafanya nini ndani ya mwili ni jambo jingine. Rangi ya manjano inaletwa na kitu kiitwacho kurkumini. Wataalamu wamekichunguza sana, na katika chupa za maabara kimeonyesha nguvu dhidi ya uvimbe na hata dhidi ya chembe za saratani. Habari hizo ndizo zinazotembea katika simu zetu. Lakini mwili wa binadamu si chupa ya maabara. Kurkumini haiyeyuki vizuri katika maji, utumbo unaipokea kwa shida, na ile kidogo inayopita, ini huivunja upesi na kuitoa nje.

Mwaka 1998 watafiti wa chuo cha udaktari cha St. John's, mjini Bangalore, waliwapa watu wazima wenye afya gramu 2 za kurkumini. Walipopima damu, hawakuona chochote, au waliona kidogo sana. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, yaani kile kinachowasha katika pilipili manga, kiasi kilichofika katika damu kiliongezeka mara 20. Sasa mtazame mpishi wa Kihindi, au mama wa Mombasa, anavyoanza mchuzi wake. Kwanza mafuta, na kurkumini huyeyuka katika mafuta. Kisha viungo, na pilipili manga imo. Wapishi hao hawakusubiri maabara.

Je, kuna ugonjwa ambao manjano yameonyesha kuusaidia kwa watu halisi? Naam, upo. Nchini Thailand, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 367 wenye maumivu ya magoti yaliyochakaa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa dawa ya kutuliza maumivu iitwayo ibuprofeni, na jingine vidonge vilivyokamuliwa kutoka kwenye manjano. Baada ya wiki nne nafuu yao ilikuwa karibu sawa, na wale wa manjano walilalamika kidogo zaidi kwa unafuu wa tumbo, yaani matumbo yao hayakuwasumbua sana kama ya wenzao. Mwaka 2023 watafiti wa Thailand walichapisha utafiti mwingine kwa wagonjwa 206 ambao matumbo yao hayasagi chakula vizuri. Kurkumini iliwapa nafuu inayokaribiana na ile ya omeprazoli, dawa inayopunguza asidi tumboni.

Hizo ni habari njema, lakini tupige hesabu. Wagonjwa wale wa tumbo walikuwa wakimeza gramu 2 za kurkumini kila siku. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa manjano kina uzito wa gramu 3 hivi, na katika gramu hizo kurkumini ni kama sehemu 3 tu katika kila 100, yaani miligramu 90. Ili kufikia gramu 2, mtu angelazimika kula zaidi ya vijiko 20 vya manjano kwa siku. Familia ya watu sita hutia kijiko kimoja katika sufuria nzima. Kwa hiyo anayesema kwamba mchuzi wake unamtibu magoti anasema jambo ambalo utafiti ule haukulisema.

Kadhalika mwaka 2017 jopo la wanakemia lilipitia majaribio zaidi ya 120 ya kurkumini kwa binadamu. Jibu lao lilikuwa baridi: kati ya majaribio yaliyofanywa kwa masharti makali, ambapo mgonjwa wala daktari hajui nani amepewa dawa na nani amepewa kidonge kitupu, hakuna hata moja lililofaulu. Kuhusu saratani na kisukari, basi, msiwaache madaktari wenu.

Mtaniuliza, sasa faida ya manjano jikoni ni nini? Ni kubwa, ila haiko katika kiungo kimoja. Iko katika chakula chote. Dengu zilizopikwa kwa manjano, kitunguu saumu, tangawizi na bizari nyembamba zina ladha hata zikiwa na chumvi kidogo, na chumvi nyingi ndiyo inayopandisha shinikizo la damu. Viungo humfanya mtoto ale mboga za majani bila kulazimishwa. Dengu zikiliwa na wali hukamilishana, kwa sababu protini iliyopungua katika mchele imo katika dengu, na iliyopungua katika dengu imo katika mchele. Huo ndio urithi wa afya tuliopewa na Asia: mlo wa nafaka, kunde na mboga, wenye harufu nzuri na bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu.

Kidonge ni habari nyingine. Viwanda vingi huichanganya kurkumini na piperini ili ipenye katika damu, nayo hupenya kweli, kwa kipimo ambacho hakuna jiko lililowahi kukitoa. Nchini Italia, mwaka 2019, wizara ya afya ilipokea taarifa za watu zaidi ya 20 walioumwa ini baada ya kutumia vidonge hivyo. Nchini Marekani, mtandao wa hospitali unaofuatilia madhara ya dawa kwenye ini uliandika habari za wagonjwa 10 wa kati ya mwaka 2011 na 2022. Mmoja wao alifariki dunia. Mwaka 2018 New Zealand ilitoa tahadhari baada ya mgonjwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kuongeza vidonge vya manjano na damu yake kuwa nyepesi kupita kiasi cha hatari. Basi mwenye maradhi ya moyo, mwenye maradhi ya ini, na mjamzito, wasimeze vidonge hivyo kabla ya kumwambia daktari. Nawaambia hivi kwa sababu wagonjwa wengi huficha dawa za mitishamba wanapoulizwa hospitalini, wakidhani kwamba kitokacho shambani hakiwezi kudhuru.

Hapo tumemaliza swali la kwanza. Sasa tuingie katika lile la pili, ambalo madhara yake yanafika hata kwa yule asiyemeza kidonge, anayekula tu mchuzi wa nyumbani kwake.

Katika vijiji vya Bangladesh watafiti walipima damu ya wajawazito 430. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba karibu theluthi moja yao walikuwa na madini ya risasi kupita kiasi. Risasi ninayoisema hapa ni yale madini mazito yanayotiwa katika betri za magari na zamani yakitiwa katika petroli. Wanawake wale hawakuishi karibu na viwanda. Ikatoka wapi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani, wakiwemo Jenna Forsyth na Stephen Luby, pamoja na wenzao wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa magonjwa ya kuhara kilichoko Dhaka, wakaanza kutafuta. Walipima dawa za mashambani, wakapima makopo ya kuhifadhia chakula, wakapima udongo. Hatimaye wakafika jikoni, kwenye manjano.

Risasi ya kila mahali ina alama zake, kama alama za kidole cha mtu. Alama za risasi iliyokuwa katika damu ya wanawake wale zililingana na za ile iliyokuwa katika manjano. Watafiti walipokwenda katika wilaya 9 kubwa zinazolima manjano, walikuta ushahidi wa mchezo huo katika wilaya 7. Kiwango cha juu kilichoruhusiwa nchini humo kilikuwa mikrogramu 2.5 za risasi katika gramu moja ya manjano. Sampuli moja ilikutwa na zaidi ya mikrogramu 1,100, yaani zaidi ya mara 400 ya kiwango hicho.

Mchezo wenyewe ulifanyika katika lile pipa niliyowaomba mlikumbuke. Katika miaka ya 1980 mafuriko makubwa yaliyalowesha manjano ya Bangladesh, yakafifia, na wanunuzi wakayakataa. Mtu akavumbua kutia katika pipa unga wa njano uitwao peuri. Unga huo ni kromati ya risasi, rangi ya viwandani ambayo hutumika kupaka mistari ya barabara na fanicha. Kiganja kidogo chake kikafanya manjano mabaya yaonekane mazuri kuliko mazuri yenyewe. Mnunuzi wa jumla akapenda, akalipa zaidi, na mwenye kinu aliyekataa kutia akajikuta na mzigo usionunuliwa. Kiungo kilichoipa rangi jina kikawa sasa kinakopa rangi kwenye kopo la mpaka rangi.

Ubaya wa risasi ni kwamba haiumi papo hapo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mwili huidhania kuwa chokaa ya mifupa, ukaihifadhi katika mifupa kwa miaka mingi. Mwanamke anapopata mimba, mifupa huachia chokaa kwa ajili ya mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo ikampata aliye tumboni. Kwa mtoto, huharibu ubongo unaokua: akili hupungua, usikivu darasani hupungua, hasira huongezeka. Kwa mtu mzima hupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Kuchemsha hakuiondoi. Mama aliyempikia mwanawe dengu kwa mapenzi yote alikuwa akimpunguzia akili kijiko kwa kijiko, naye hajui.

Lakini kisa cha Bangladesh hakikuishia kwenye msiba, na ndiyo maana nimekichagua. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2019, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya nchi hiyo haikuunda tume ya kukaa miaka mitano. Ilitangaza katika magazeti na televisheni kwamba kutia rangi hiyo ni kosa la jinai. Matangazo yalibandikwa katika masoko. Maofisa waliingia katika soko kubwa la jumla la Dhaka wakiwa na mashine ndogo ya mkononi, inayotumia miale kama ya eksirei kupima risasi papo hapo. Wafanyabiashara wawili waliokutwa na mzigo mchafu walitozwa faini, na nchi nzima ikawaona kwenye televisheni. Mwaka 2019, kabla ya hatua hizo, sampuli 47 katika kila 100 za sokoni zilikuwa na risasi. Mwaka 2021 haikupatikana hata moja. Damu za wafanyakazi wa vinu nazo zilipopimwa tena, risasi ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 30. Jambo lililodumu zaidi ya miaka 30 lilikomeshwa kwa miaka miwili, katika nchi isiyo tajiri.

Kwingineko kazi haijaisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulipima manjano katika miji 23 ya India, Pakistan, Sri Lanka na Nepal. Sampuli 14 katika kila 100 zilizidi mikrogramu 2 kwa gramu, na katika miji ya Patna, Karachi na Peshawar zilikuwepo zilizopita 1,000. Wala si manjano peke yake. Mwaka 2023, nchini Marekani, mamia ya watoto walikutwa na risasi mwilini baada ya kula tofaa lililopondwa na kutiwa mdalasini. Mdalasini huo ulikuwa umelimwa Sri Lanka, na vijiti vyake vilipopimwa havikuwa na kasoro. Inaelekea uchafu uliingia baadaye, uliposagwa Ecuador. Mmea hauna hatia. Mwenye hatia ni mkono ulioushika njiani.

Sasa sisi wanunuzi wa mijini tufanye nini? Hakuna jaribio la jikoni la kutegemea, la maji wala la karatasi. Risasi hupimwa kwa mashine. Lakini busara ya sokoni ipo. Yakipatikana manjano mabichi, yenye ganda na udongo wake, nunua hayo, ukayaoshe, uyaanike na kuyasaga mwenyewe au kuyatwanga. Ukinunua makavu, chagua yenye ganda lake la kahawia lisilopendeza. Yale yaliyosuguliwa yakawa na njano kali inayobaki vidoleni kama chaki, yaache. Ukinunua unga, mwulize muuzaji umetoka wapi na nani ameusaga. Unga wa kupima kwa kijiko usio na jina wala anwani hauna wa kumwuliza siku ya matatizo. Na usikubali kamwe neno "hii ndiyo inayong'aa zaidi" kuwa sifa.

Kwa upande wa serikali, mashirika ya viwango ya nchi zetu, TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya, yamepewa na sheria kazi ya kukagua ubora wa bidhaa. Manjano huja bandarini kwa magunia, na husagwa katika vinu vya mitaani mwetu. Mashine iliyotumika Dhaka hubebwa kwa mkono mmoja. Tunachoomba ni kwamba ipitishwe kwenye magunia hayo mara kwa mara, na majibu yasomwe hadharani, yakiwa mazuri au mabaya, kama yanavyosomwa matokeo ya mitihani.

Wahenga walisema vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Wenye vinu wa Bangladesh walitia rangi kwa sababu wanunuzi walilipia rangi. Siku wanunuzi na serikali walipoikataa kwa pamoja, ilitoweka. Nasi kesho tukienda sokoni, tulipie kiungo.